Sindano za Kichina kwa mgongo wa mpakiaji: mfuko wa fidia ulipe, ila kwa masharti

Kila nchi yenye mfuko wa fidia kwa wafanyakazi hufika mahali ikakutana na mtu wa aina hii: ameumia mgongo kazini, amepigwa picha na haikuonyesha mfupa uliovunjika, amemeza dawa, amepumzishwa wiki kadhaa, na bado akiinama kufunga kamba za viatu anatokwa jasho. Sasa anaomba atibiwe kwa akupancha, zile sindano nyembamba za Kichina. Mfuko umlipie?

New Zealand ilishajibu zamani. Shirika lake la umma la ACC, lililoanza kazi mwaka 1974 na ambalo huhudumia majeruhi wa ajali bila kutafuta nani alikosea, huchangia gharama za akupancha kama linavyochangia za fiziotherapia. California iliwaingiza wataalamu wa sindano katika sheria yake ya fidia ya wafanyakazi mwaka 1989. Jimbo la Washington lilikwenda kwa tahadhari zaidi: lilianza na majaribio mwaka 2017, na mwaka 2019 likaruhusu rasmi, kwa maumivu ya kiuno peke yake na kwa vikao visivyozidi 10.

Kwetu Afrika Mashariki swali hili ni nadra kulisikia likijadiliwa, na si kwa sababu sindano zenyewe ni ngeni. Timu ya kwanza ya madaktari wa China ilifika Zanzibar mwaka 1964, na Tanzania Bara mwaka 1968. Vizazi viwili vya wagonjwa vimeshazoea kumwona daktari wa Kichina hospitalini. Isitoshe, watu wa pwani walikuwa wakiumikwa kwa pembe tangu enzi za mababu, na leo hijama ina wateja wake kila mtaa. Tunachokosa ni mazungumzo ya fedha na haki: nani anayestahili kulipiwa, kwa ugonjwa gani, hadi lini, na nani apime kama amepona.

Naamini mfuko unapaswa kulipa. Lakini sababu yangu si ile ya wapenzi wa tiba hii, kwamba ni hekima ya miaka elfu mbili, wala sikubaliani na wanaoifukuza kwa kusema ni imani tupu. Ninachodai ni kidogo na kinapimika. Kwa baadhi ya maumivu yatokanayo na kazi, hasa ya kiuno na shingo yaliyozidi miezi mitatu, sindano humpa mgonjwa nafuu ya kutosha kuanza tena kujongea, na kujongea ndiko kunakomrudisha kazini. Mfuko ulipie nafuu ya namna hiyo, na usikubali itumike kumrudisha mtu chini ya mzigo uleule uliomwangusha.

Tuutazame kwanza mgongo wenyewe, maana wengi wanaobishana kuhusu sindano hawajawahi kusimama karibu na lori linalopakiwa. Nenda alfajiri kwenye soko lolote la jumla linalopokea viazi na vitunguu. Gunia limejazwa hadi mdomoni, kisha likaongezewa kilemba cha wavu na kamba juu yake. Hiyo ndiyo lumbesa, na kupita kilo 100 kwake si ajabu. Watu wawili wanalinyanyua. Wa tatu anaingia chini yake magoti yamekunjwa, shingo ameilaza mbele, wanamtwika mabegani. Anajiweka sawa, anashika masikio ya gunia nyuma ya kichwa, anapanda ubao mwembamba hadi juu ya lori, na akifika pale anajipinda upande mmoja ili gunia lianguke mahali pake. Mpindo huo wa mwisho ndio unaoumiza zaidi. Uti wa mgongo huvumilia uzito ulionyooka kuliko uzito unaokuja pamoja na kuinama na kujizungusha: nyama za kiuno hukaza ghafla, na diski laini zilizo kati ya pingili hubanwa upande mmoja. Halafu anashuka kufuata gunia la pili.

Shirika la Kazi Duniani lililiona jambo hili zamani. Pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967 linazitaka nchi ambazo mwanamume mzima huruhusiwa kubeba kwa mkono zaidi ya kilo 55 zishushe kiwango hicho haraka iwezekanavyo. Kenya nayo, katika kanuni za mwaka 2019 kuhusu zao la viazi, iliweka ukomo wa kilo 50 kwa gunia. Ukitaka kujua ni umbali gani uliopo kati ya karatasi na bega la mtu, msimamishe hamali yeyote umuulize gunia lake la mwisho lilikuwa na uzito gani.

Jeraha la namna hii lina kasoro moja kubwa mbele ya sheria: halina tarehe. Mtu aliyekatwa kidole na mashine ana siku, saa, na shahidi. Mpakiaji ana miaka sita ya magunia na asubuhi moja aliyoshindwa kuamka kitandani. Tanzania ilipotunga Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wa WCF ulipoanza kazi Julai 2015, magonjwa yatokanayo na kazi yaliingizwa pamoja na ajali, na Kenya ilishafanya hivyo katika sheria yake ya WIBA ya mwaka 2007. Hiyo ni hatua kubwa, maana kwa sheria mgongo uliochakaa una haki sawa na kidole kilichokatika. Lakini katika utekelezaji, maumivu yasiyoonekana kwenye picha humfanya mgonjwa aonekane mvivu. Daktari anaandika "maumivu ya nyama", msimamizi anasoma "hana kitu". Na mtu anayetiliwa shaka hutafuta tiba yake mwenyewe kimyakimya.

Tiba hiyo ya kimyakimya naijua, kwa sababu iko kila mtaa. Ni vidonge vya diklofenaki kutoka duka la dawa, mara nyingi bila cheti. Vikishindwa, ni diklofenaki hiyohiyo kwa sindano ya takoni. Ikishindwa nayo, mtu anaulizia tramadoli, dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni. Kwa siku chache za maumivu makali dawa za kundi la diklofenaki zina kazi yake, sikatai. Lakini anayezimeza kila jioni kwa miezi ili kesho apakie tena anachimba vidonda vya tumbo, anapandisha shinikizo la damu na kuumiza figo, hasa ikiwa anafanya kazi juani na hanywi maji ya kutosha. Kuhusu dawa za jamii ya afyuni, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno haukuuma maneno: zisitumike. Mwongozo huohuo ulikataa pia mikanda ya kiunoni, ile ambayo wapakiaji wengi wanaiamini kama hirizi. Na kwa akupancha ulisema inaweza kutolewa, kwa pendekezo la masharti, baada ya kukiri kwamba ushahidi wake si wa nguvu sana.

Kwa hiyo tunapouliza kama sindano zinafaa, tukumbuke zinashindanishwa na nini. Zinashindanishwa na pakiti ya diklofenaki na aibu ya kuitwa mvivu.

Kikao chenyewe ni kitu cha kawaida kuliko sifa zake. Mgonjwa analala kifudifudi, mto chini ya tumbo. Mtaalamu anapapasa kiuno kwa kidole gumba, pande zote mbili za uti wa mgongo, akitafuta mahali palipokaza au panapouma kuliko pengine. Anapangusa kwa spiriti, anafungua pakiti, anachoma. Sindano ni nyembamba mno, robo ya milimita hivi kwa unene, haina tundu wala dawa ndani yake. Ngozi husikia kama kuumwa na sisimizi, kisha, sindano ikifika kwenye nyama, huja uzito au mtekenyo wa ajabu unaotambaa hadi pajani. Wachina huutafuta uzito huo kwa makusudi. Sindano nyingine huwekwa nyuma ya goti na karibu na kifundo cha mguu. Wakati mwingine hufungwa waya wa umeme mdogo unaofanya msuli udundedunde. Mgonjwa anaachwa hapo dakika 20 hadi 30, mara nyingi anasinzia. Kwa mtu ambaye tangu saa kumi za usiku hajaketi, hata hizo dakika tu ni jambo.

Je, hiyo nusu saa inatibu, au inabembeleza? Hapa ndipo penye ugomvi mkubwa, na ni vizuri kuufuata hadi mwisho.

Utafiti uliotikisa meza ulifanyika Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2007, ukijulikana kwa jina la GERAC. Wagonjwa 1,162 wenye maumivu sugu ya kiuno waligawanywa makundi matatu kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza lilichomwa sindano kwa kanuni za Kichina. La pili lilichomwa sindano za kujifanya: zisizoingia ndani sana, mahali ambapo mafundisho ya Kichina yanasema hapana maana yoyote. La tatu lilipata matibabu ya kawaida ya Ujerumani, yaani dawa, fiziotherapia na mazoezi. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu ya maana walikuwa asilimia 47.6 katika kundi la kwanza, 44.2 katika la pili, na 27.4 katika la tatu.

Soma tena tarakimu hizo. Sindano za kweli na za kujifanya zimekwenda sambamba, na zote zimeiacha mbali tiba ya kawaida. Anayetetea ramani ya Kichina ya njia za nguvu mwilini hana pa kujificha: kumbe ukichoma penye ramani au nje ya ramani, mgonjwa anapata karibu nafuu ileile. Lakini anayesema "basi ni upuuzi, tusilipe" naye ana deni la kueleza kwa nini hiyo anayoiita upuuzi imewasaidia wengi zaidi kuliko anachokilipia sasa.

Nchi mbili zilisoma ushahidi wa aina hii zikaenda njia mbili. Ujerumani iliamua mwaka 2006 kwamba bima za afya za umma zilipie akupancha kwa maumivu sugu ya kiuno na ya goti lililochakaa. Uingereza, kupitia taasisi yake ya miongozo ya NICE, ilikuwa imeiruhusu kwa kiuno mwaka 2009, lakini mwaka 2016 ikaifuta, kwa hoja kwamba haijathibitika kuizidi sindano ya kujifanya. Kisha mwaka 2021, katika mwongozo mwingine wa maumivu sugu yasiyo na chanzo kinachoonekana, ikairudisha kama jambo la kufikiriwa. Hawa si watu wasiojua kusoma. Walikuwa wakijibu maswali tofauti. Waingereza wa mwaka 2016 waliuliza: sindano ina siri yake yenyewe? Wajerumani waliuliza: mgonjwa akipelekwa huko, anakuwa bora kuliko akibaki na tunachompa leo?

Kwa mfuko wa fidia, swali la pili ndilo lenye uzito. Mfuko haulipi mshahara wa mwanafizikia wa kuchunguza njia za nguvu. Unalipa ili mpakiaji apande tena ngazi. Hata hivyo nisiwatendee haki nusu wapinzani. Kundi la tatu la Wajerumani lilikuwa na mzigo wake: watu waliojiandikisha kwenye utafiti wa sindano, kisha wakaambiwa waendelee na mambo yaleyale waliyokwisha kuyazoea, lazima walivunjika moyo, na kuvunjika moyo huongeza maumivu. Asilimia 27.4 huenda ilishushwa na hilo. Ndiyo maana mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia tafiti za tiba, ya mwaka 2020 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, yaliyokusanya tafiti 33, yalisema kwa uangalifu kwamba akupancha huenda isiwe na tofauti ya maana na ya kujifanya, ingawa ni bora kuliko kutotibiwa kabisa kwa muda mfupi. Upande wa pili, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 ukiwa na takwimu za wagonjwa 20,827 kutoka tafiti 39 ulikuta tofauti ndogo lakini ya kweli kati ya sindano halisi na za kujifanya, na kwamba sehemu kubwa ya nafuu ilidumu hata baada ya mwaka.

Ukiviweka vyote kwenye mizani, unapata tiba ya nguvu ya wastani. Wengi inawasaidia kidogo, wachache inawasaidia sana, na wengine haiwasaidii chochote. Sehemu ya nguvu hiyo ni mwili wenyewe kumwaga vituliza-maumivu vyake. Watafiti wa miaka ya 1970 waliona kwamba naloksoni, dawa inayozima kazi ya afyuni, hupunguza pia nguvu ya sindano. Sehemu nyingine ni matarajio, mguso, na mtu kusikilizwa. Mimi sioni fedheha katika sehemu hii ya pili. Fedheha ni kumtoza mgonjwa fedha kwa ahadi kwamba sindano itarudisha diski mahali pake. Haiwezi. Mfupa uliovunjika, kano iliyokatika, bega lililochanika ndani, hivyo vinataka daktari wa mifupa.

Kuna jeraha moja la kazi ambalo ushahidi wake unanivutia zaidi ya kiuno, ingawa ni mdogo. Ni ile ganzi ya vidole na maumivu ya usiku yanayotokana na mshipa wa fahamu kubanwa kwenye kifundo cha mkono. Fikiria wanawake wanaokata maua Naivasha kwa mkasi kutwa nzima, au mafundi wa cherehani viwandani. Mwaka 2017 jarida la Brain lilichapisha utafiti wa Boston uliowapima wagonjwa wa aina hiyo si kwa maneno yao tu, bali kwa kasi ya umeme kwenye mshipa na kwa picha za ubongo. Wote walisema wanajisikia nafuu, hata waliopata sindano za kujifanya. Lakini vipimo vya mshipa viliboreka kwa waliochomwa sindano za kweli peke yao. Utafiti mmoja haujengi sera. Unatosha kutufanya tusilifunge jalada.

Sasa nije kwenye kipimo, kwa sababu hapo ndipo mfuko unaweza kulinda fedha za wachangiaji bila kumnyima mgonjwa. Mwongozo ambao California ilitoa mwaka 2007 kwa akupancha ya wafanyakazi ulisema vikao 3 hadi 6 vinatosha kuonyesha kama mwili unaitikia, na kwamba kuendelea kunategemea jambo moja: uwezo wa kufanya kazi umeongezeka. Uwezo huo ulielezwa kwa maneno ambayo mtu yeyote anaweza kuyakagua. Ama mtu anafanya shughuli zake za kila siku vizuri zaidi, ama vizuizi alivyowekewa kazini vimepungua. Na pamoja na hilo, utegemezi wake kwa matibabu unashuka. Washington nayo ilitaka vipimo mwanzo, katikati na mwisho. Bima ya wazee ya Marekani ya Medicare, ilipoanza kulipia akupancha ya kiuno Januari 2020, iliruhusu vikao 12 ndani ya siku 90, na 8 vya nyongeza kwa anayepata nafuu tu. Asiyeonyesha nafuu, husimamishwa.

Napenda utaratibu huu kwa sababu unamwondolea mgonjwa mzigo wa kuthibitisha maumivu. Maumivu hayana shahidi. Ukimuuliza mtu anaumwa kiasi gani, kati ya moja na kumi, unampa nafasi ya kutiliwa shaka. Muulize badala yake: unaweza kuketi kwenye daladala kutoka Mbagala hadi Posta bila kushuka njiani? Unaweza kunyanyua ndoo ya lita 20 kutoka sakafuni? Umelala saa ngapi bila kuamshwa na kiuno? Unameza vidonge vingapi kwa wiki, na mwezi uliopita vilikuwa vingapi? Andika majibu kabla ya sindano ya kwanza. Andika tena baada ya kikao cha tano. Kama ndoo bado hainyanyuki na vidonge havijapungua, mfuko usilipe cha sita, na mgonjwa asilaumiwe. Ajaribiwe njia nyingine. Kama imeanza kunyanyuka, basi kila kikao kiambatane na mazoezi ya viungo siku hiyohiyo, wakati mwili umelegea. Sindano bila mazoezi ni nafuu ya jioni moja, na mfuko ukilipia sindano peke yake utakuwa unalipia hadi mtu anastaafu.

Yako mambo ambayo hayataki majadiliano. Kwetu hapa, maumivu ya mgongo yanayokuja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda yanaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa, na mtu anayechomwa sindano za Kichina miezi mitatu huku bakteria wakila pingili zake anaelekea kupooza. Ganzi kwenye makalio na sehemu za siri, mguu kukosa nguvu ghafla, kushindwa kutoa au kuzuia mkojo: hiyo ni dharura ya upasuaji ya siku hiyohiyo. Kwa hiyo daktari atangulie, sindano zifuate. Na sindano iwe mpya, ifunguliwe mbele ya mgonjwa, itupwe baada ya mgonjwa mmoja. Katika nchi zinazoijua homa ya ini na UKIMWI kwa karibu, sharti hili si la kujadiliwa na yeyote anayesema ana "mtungi wa kuchemshia". Mikononi mwa aliyesomea, hatari ni ndogo. Wajerumani waliwafuatilia wagonjwa 229,230, wakachapisha matokeo mwaka 2009: asilimia 8.6 walipata madhara fulani, mengi yakiwa michubuko na damu kidogo, na pafu kutobolewa kulitokea kwa watu wawili. Sidhani kama diklofenaki ya mtaani ingetoka salama kwenye hesabu kama hiyo.

Tanzania haianzi na ukurasa mtupu. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza la kusajili watabibu wa aina hii. Mfuko unaweza kusema kwa maneno machache: tunamlipa aliyesajiliwa, aliyepelekewa mgonjwa na daktari, anayejaza fomu ya uwezo. Bora zaidi, wafundishwe wataalamu wa viungo walioko tayari kwenye hospitali za mikoa, ili mpakiaji wa Makambako au Tunduma asilazimike kupanda basi hadi Dar es Salaam, akaketi saa kumi kwenye kiti, kwenda kutibiwa kiuno.

Na haraka ina maana yake. Mwaka 2005 jarida la JAMA lilichapisha uchambuzi wa tafiti 211 zilizolinganisha matokeo ya upasuaji kwa waliokuwa kwenye madai ya fidia na wasiokuwa nayo. Katika tafiti 175, wenye madai walifanya vibaya zaidi. Waajiri hupenda kusoma matokeo ya aina hii kama ushahidi kwamba wafanyakazi wanaigiza. Mimi naona jambo jingine. Mtu ambaye jalada lake limekwama miezi, ambaye kila mwenye tai anamuuliza kama kweli anaumwa, ambaye kodi ya nyumba haimsubiri, hawezi kupona kwa kasi ya mtu aliyetulia. Mjerumani aliyelala kifudifudi nusu saa hakuwa akiwaza kufukuzwa chumba. Tukichukua tiba yake na kuiacha hali yake, tusishangae matokeo yakija tofauti.

Lipo pia lile linaloniuma kuliko yote: yule mpakiaji wa alfajiri niliyemweleza hana mwajiri. Leo anabeba mzigo wa tajiri huyu, kesho wa yule, analipwa kwa gunia. Hakuna anayemchangia WCF. Kwa Kenya, WIBA inamtaka mwajiri agharamie matibabu ya aliyeumia, lakini hamali wa siku ataitwa mwajiriwa wa nani? Mjadala wote huu wa vikao na vipimo unaweza kuishia kuwanufaisha makarani wenye shingo zilizokaza kwa kompyuta, ambao nao wanastahili, huku waliobeba uchumi wa soko migongoni wakibaki na duka la dawa. Vyama vya wapakiaji vipo katika masoko mengi, vina viongozi na daftari za zamu. Ushuru mdogo kwa kila lori linaloingia, ukilipwa na mwenye mzigo na kupelekwa kwenye mfuko kwa jina la chama, ungewaingiza ndani. Sioni ugumu wa kitaalamu hapo, naona ukosefu wa anayeudai.

Kisha lumbesa yenyewe. Wakala wa Vipimo umekuwa ukipambana nayo miaka mingi, na sababu inayotajwa ni mkulima anayepunjwa. Ni sababu ya haki. Lakini gunia hilohilo linalomwibia mkulima shambani ndilo linalovunja mgongo wa mpakiaji sokoni, na sheria inayolitazama kwa jicho la bei haijamwona mtu aliye chini yake. Ningependa kila dai la mgongo ambalo mfuko umekubali kulipia sindano liwe pia notisi: ndani ya mwezi, mkaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, na ofisa wa vipimo waende pamoja mahali pale mtu alipoumia, wakiwa na mizani, wapime magunia yaliyopo siku hiyo, na faini atozwe mwenye mzigo badala ya dereva au kibarua. Mpakiaji akimaliza vikao vyake na kurudi sokoni, akute gunia la kilo 50.